Simu ndani ya sidiria na uvimbe wa titi

Sista, ni kweli simu inaleta saratani?
Haijathibitishwa. Simu hutumia mawimbi ya redio, na nguvu yake ni ndogo mno kuharibu vinasaba vya mwili jinsi eksirei inavyoweza. Mwaka 2011 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliyaweka mawimbi hayo kwenye kundi la "huenda yanaleta saratani", kwa kuwa ushahidi ni haba. Kundi hilohilo lina kioevu kinachotolewa kwenye jani zima la alovera, na baadhi yenu mnaoogopa simu mnainywa alovera kila asubuhi.

Nilale nayo chini ya mto?
Itakunyima usingizi. Iweke mezani.

Nauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu, simu hukaa kwenye sidiria siku nzima. Sasa titi la upande huo lina uvimbe. Nikiihamishia kwenye mkoba, utaisha?
Hautaisha, mama. Hili ndilo linalonichosha. Mtu anahamisha simu, anangoja mwezi, anangoja minne. Akifika kwetu, uvimbe uliokuwa kama punje ya hindi umejaa kiganja, ngozi ina vishimo kama ganda la chungwa na chuchu imeingia ndani. Simu weka unapotaka. Uvimbe ulete wiki hii.

Lakini hauumi.
Ndiyo maana nasema uje. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni. Ukingoja uume, umechelewa.

Si wanasema ukidungwa sindano unasambaa?
Si kweli. Sindano hutoa kipande kidogo cha nyama kipelekwe maabara, na bila hicho hakuna anayeweza kukuambia ni saratani au la. Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Ule ambao ni saratani husambaa wakati wewe umekaa nyumbani ukijipaka dawa za kienyeji.

Nianzie wapi?
Kituo cha afya kilicho karibu. Mwambie muuguzi akague matiti yote mawili na makwapa. Akikuandikia rufaa ya Jaramogi, hospitali kubwa ya hapa Kisumu, ile wazee bado wanaiita Russia, nenda kesho yake. Usiseme mpaka matanga yaishe, au mpaka watoto wafungue shule. Na hiyo karatasi ya rufaa, tafadhali, usiikunje ukaitia kwenye sidiria ikasahaulika nyuma ya simu.