Daftari la Duka, Benki na Bahari ya Lamu

Kusi, upepo wa msimu utokao kusini, inapochafuka, wavuvi wengi wa Kizingitini na Faza, Lamu, wenye vyombo vidogo huvivuta juu, kwa kuwa nje ya miamba hakuendeki. Kipato hupungua, lakini maduka hayafungwi. Mwenye duka hufungua daftari, huandika unga, mchele na sukari, na deni husubiri kaskazi, msimu wa bahari tulivu. Watu wamekula, biashara imefanyika, na hapana noti iliyotoka mfukoni mwa mtu.

Kitendo hicho kinaeleza fedha vizuri kuliko somo tulilolizoea, lisemalo kwamba benki hukusanya akiba za watu kisha huzikopesha. Wachumi wasiofuata mkondo mkuu walishikilia kwa miaka mingi kwamba benki ya biashara inapoidhinisha mkopo huandika tu kiasi hicho katika akaunti ya mkopaji, na amana mpya huzaliwa papo hapo. Walionekana wakaidi, mpaka Benki Kuu ya Uingereza ilipoeleza vivyo hivyo mwaka 2014. Fedha, basi, ni ahadi iliyoandikwa, na la kuuliza ni nani aliyepewa kalamu.

Mvuvi asiye na hati ya ardhi, na suala la hati Lamu ni kidonda cha zamani, hana dhamana ya kupeleka benki. Huenda kwa tajiri, ambaye humpa nyavu, mashine na petroli kwa sharti kwamba samaki atauziwa yeye, kwa bei aipangayo yeye. Sisemi kwamba tajiri ni mtu mbaya, maana mara nyingi ndiye anayekimbiliwa mtoto akiugua usiku. Lakini bei ya kamba wa baharini ikipanda Mombasa, nyongeza hiyo ni nadra kumfikia aliyepiga mbizi. Bidii ya mvuvi na ya tajiri huenda zikalingana. Kinachowatenganisha ni nafasi ya kila mmoja katika mlolongo wa mikopo.

Mwaka 2013, huko Mikindani, Mombasa, wafanyabiashara wadogo walijaribu kujiandikia ahadi wenyewe kwa vocha zilizoitwa Bangla-Pesa, wakiamini kwamba bidhaa na nguvu kazi zilikuwapo mtaani na kilichopungua kilikuwa chombo cha kubadilishania. Baadhi ya wahusika walikamatwa, kisha mashtaka yakaondolewa.

Hoja hiyo ya mikono iliyopo na matumizi yaliyopungua ndiyo aliyoijenga mchumi Mwingereza John Maynard Keynes mwaka 1936, alipopinga dhana kwamba asiye na kazi amekataa tu ujira mdogo. Baadaye mchumi Mmarekani Hyman Minsky alipendekeza serikali iwe mwajiri wa mwisho kwa yeyote anayetaka kazi. India iliikaribia fikra hiyo kwa sheria ya mwaka 2005, iliyoahidi kila kaya ya mashambani siku 100 za kazi ya ujira kwa mwaka. Kwetu, msimu wa kusi ungefaa kwa kazi za namna hiyo: kupanda mikoko, kuzibua mitaro, kutengeneza kuta za mji wa kale wa Lamu uliotambuliwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001. Lakini tusijidanganye. Kaunti haitoi sarafu, na Serikali ya Kitaifa itoayo shilingi haiwezi kutoa dola za kununulia petroli. Ndiyo maana kazi zinazotumia miche, chokaa na mikono ya hapa hapa ni nyepesi kuzigharimia kuliko zinazotaka mitambo ya kuagizwa ng'ambo.

Kuna mpaka mwingine mzito zaidi, ambao Herman Daly, mchumi wa mazingira, aliusisitiza kwa miongo mingi: uchumi umo ndani ya mazingira, nao hauwezi kukua kupita yanavyoweza kubeba. Shilingi huandikwa kwa kalamu. Samaki hazaliwi hivyo. Ujenzi wa bandari ya Lamu ulipoanza, kila shilingi iliyotumika kuchimba bahari ilihesabiwa katika pato la taifa, ilhali maeneo ya uvuvi yaliyoharibiwa hayakupunguzwa popote katika hesabu hiyo. Wavuvi ndio walioipeleka hasara yao mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya takriban shilingi bilioni 1.76.