Kwa nini DSLR inakata video katikati ya shughuli

Swali ninaloulizwa kuliko yote na vijana wanaoanza kupiga video za harusi ni hili: betri imejaa, memori kadi ina nafasi tele, kamera haijawahi kuanguka, lakini video imekata yenyewe. Wapo wanaoipeleka kwa fundi, ikafunguliwa bure. Mara nyingi kamera hizo ni nzima kabisa. Zimekata kwa sababu zinazojulikana, kila moja ina dalili yake, na anayezijua anaweza kupiga shughuli nzima kwa DSLR ya zamani (kamera ya dijitali yenye kioo ndani na lenzi ya kubadilisha) bila kupoteza neno la maana.

Tuanzie zilikotoka. DSLR ni kamera ya picha mnato. Video iliongezwa baadaye. Agosti 2008 Nikon ilitangaza D90, DSLR ya kwanza kurekodi video. Ilitoa 720p (picha yenye mistari 720 kutoka juu hadi chini) kwa fremu 24 kwa sekunde, klipu ya ubora huo haikuzidi dakika 5, na haikuwa na tundu la maiki. Septemba mwaka huohuo Canon ikaja na 5D Mark II yenye 1080p, na hapo watu wa filamu wakashtuka. Sensa yake, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, yenye ukubwa wa fremu ya filamu ya milimita 35 ilitoa picha ambayo kamera ndogo za video za bei hiyo hazikuiweza: uso umetulia, nyuma yake kumefifia. Hata hivyo, ilipotoka haikukuruhusu kuchagua shata (muda wa kupokea mwanga) wala apecha (upana wa tundu la lenzi) wakati wa kurekodi video, na ilijua fremu 30 tu. Uwezo wa kurekebisha kwa mkono ulikuja 2009, fremu 24 na 25 zikaja 2010, yote kwa kusasisha programu ya ndani ya kamera. Kwenye DSLR, video imebaki kazi ya pili.

Sasa turudi kwenye kukata. Sababu ya kwanza ni GB 4. Memori kadi za SDHC, yaani hadi GB 32, hutumia mfumo wa FAT32, na mfumo huo huandika ukubwa wa faili kwa biti 32 tu, kwa hiyo faili moja haliwezi kufika GB 4. Canon 550D na 600D hula takriban MB 330 kwa kila dakika ya 1080p. Fanya hesabu: ni kama dakika 12, kisha zinasimama. Kununua kadi ya GB 64 yenye mfumo wa exFAT, usio na mpaka wa GB 4, hakusaidii kwenye mashine hizo, kwani programu yake imewekewa mpaka huohuo. Kuanzia 650D ya 2012, kamera ikifika GB 4 hufungua faili jipya na kuendelea, nawe unakuja kuyaunganisha wakati wa kuediti.

Dakika 12 ni chache kuliko zinavyosikika. Chukua ndoa ya Kiislamu. Hotuba ya ndoa inaweza kuzipita bila taabu yoyote. Halafu shekhe anamshika mkono bwana harusi, anamtamkia maneno ya kuozeshwa, na bwana harusi anajibu kwa sentensi moja fupi kwamba amekubali. Basi, ndoa imefungwa. Kama ulianza kurekodi tangu mwanzo wa hotuba, kamera inaweza kuzima kwenye jibu lenyewe, na hakuna atakayerudia kwa ajili yako. Kwa hiyo usisubiri ikukatie, kata mwenyewe. Shekhe anapomaliza hotuba na kumsogeza bwana harusi karibu, zima, washa tena, una dakika 12 mpya. Kanisani, kata wakati kwaya inaimba kabla ya viapo. Na kama mko wawili, mwenzako aanze dakika 5 au 6 baada yako ili kamera zisikate kwa pamoja.

Sababu ya pili ni ile dakika 29 na sekunde 59, na hii haina ufundi wowote ndani yake. Ni forodha. Umoja wa Ulaya ulihesabu kifaa kinachoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video, na kamera ya video ilikuwa na ushuru wake, tofauti na kamera ya picha. Viwanda vikaona nafuu kuizuia ile sekunde ya mwisho, na mpaka huo ukaenda na kamera hadi kwenye masoko ambayo sheria hiyo haiyahusu hata kidogo, letu likiwemo. Desemba 2015, kwenye mkutano wa mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani uliofanyika Nairobi, yalihitimishwa makubaliano ya kuondoa ushuru kwenye bidhaa nyingi za teknolojia, na kamera nyingi mpya zisizo na kioo sasa hazina mpaka huo. Lakini DSLR tunazonunua mitumba zilitoka kiwandani zikiwa nao, na kwenye menyu hakuna mahali pa kuuondoa.

Sababu ya tatu ni joto. Kwenye picha mnato sensa hufanya kazi kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha hupumzika. Kwenye video huwaka muda wote, na skrini nayo inawaka mgongoni mwake. Canon huonyesha alama ya kipimajoto. Ikiwa nyekundu, kamera inakaribia kujizima. Kwenye jua la Februari la Dar es Salaam alama hiyo haichelewi. Tafuta mtu wa kushika mwavuli juu ya kamera, na usiiache kwenye hali ya video wakati unasubiri maharusi wafike. Ya nne ni kadi yenye mwendo mdogo: upande wa kulia wa skrini hutokea ngazi ndogo inayopanda, ikijaa tu, kurekodi kunasimama. Canon yenyewe inashauri kadi ya daraja la mwendo la Class 6 au zaidi. Kadi feki zimeandikwa Class 10 lakini hazifiki huko, kwa hiyo ijaribu nyumbani kwa dakika zote 12 kabla hujaipeleka kwenye kazi ya mtu.

Fokasi nitaieleza kwa kifupi. Ndani ya DSLR kuna kioo kinachopeleka mwanga kwenye tundu la kutazamia na kwenye mtambo wa fokasi. Kurekodi video kunataka kioo hicho kiinuke na kibaki juu, kwa hiyo tundu linakuwa giza na mtambo ule wa haraka haufanyi kazi. Kamera inabaki kutafuta fokasi kwa kukisia kwenye sensa, inaenda mbele na kurudi nyuma, na video yako yote inaonyesha kuhangaika huko. Canon 70D ya 2013 ilileta pikseli zilizogawanywa mara mbili ili sensa yenyewe ijue fokasi iko upande gani, na tofauti yake inaonekana bibi harusi anapotembea kuja kwako. Kwa kamera za kabla ya hapo, weka fokasi kwa mkono na usibonyeze shata nusu wakati unarekodi.

Sauti ndiyo inayonifanya niandike haya. Mteja husamehe picha yenye kasoro, lakini hasamehi kutosikia viapo vya mwanawe. Kamera nyingi hizi hujipandishia na kujishushia sauti zenyewe. Padri anaongea taratibu, kamera inaona kimya na kupandisha, ukisikiliza unasikia feni za kanisa zikivuma. Bwana harusi anasema "Ndiyo," akina mama wanapiga vigelegele, sauti inapasuka. Kamera inashtuka na kushusha, na neno la bibi harusi linalofuata linazama chini kabisa. Hakuna programu ya kuediti itakayolirudisha. Kwenye 600D nenda kwenye menyu ya kurekodi sauti, chagua kurekebisha kwa mkono, kisha weka kiwango ambacho sauti kubwa zinagusa alama ya 12 kwa nadra tu. 550D ilitoka kiwandani bila chaguo hilo, ingawa ina tundu la maiki.

Hata hivyo, dawa kamili ni kurekodi sauti nje ya kamera. Rekoda ndogo, au hata simu iliyozimwa mtandao, ikae mfuko wa ndani wa koti la bwana harusi na maiki ya kubana kwenye kola. Mbele ya kamera piga kofi moja kali. Ndilo utakalotumia kuoanisha sauti na picha. Ukumbini watu hupenda kuchomeka waya wa mikisa ya DJ moja kwa moja kwenye kamera. Usifanye hivyo. Sauti ya mikisa ina nguvu mno kwa tundu la maiki, itapasuka hata ukishusha kila kitu. Ipeleke kwenye rekoda yenye njia ya laini.

Kwenye picha yenyewe kuna mambo matatu ya kwetu. Umeme wa Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, na kamera nyingi za mitumba huja zimewekwa mfumo wa video wa NTSC, ambao ni wa nchi za hezi 60. Badilisha iwe PAL, fremu 25, shata 1/50, na ile mistari inayotembea chini ya taa za ukumbi itapungua sana au kuisha. Pili, sensa husomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, kwa hiyo mpiga picha mwenzako akipiga flashi utaona nusu ya fremu nyeupe na nusu ya kawaida. Hilo halizuiliki, kata fremu hiyo wakati wa kuediti. Tatu, 600D ina megapikseli 18 lakini fremu ya 1080p inahitaji kama 2 tu, na kamera inafika hapo kwa kuruka mistari ya sensa. Paa la mabati nyuma ya maharusi, au suti yenye mistari myembamba, litaanza kumeremeta rangi zisizokuwepo. Sogea, au fungua apecha ili paa lififie. Ukifungua apecha juani kwa shata 1/50 picha itaungua kwa mwanga na kuwa nyeupe, kwa hiyo uwe na filta ya ND, yaani kioo cheusi cha kupunguza mwanga mbele ya lenzi. Kutoka apecha ya f/22 hadi f/2.8 ni hatua 6, kila moja ikizidisha mwanga mara mbili, yaani ND64.

Mtu akiniuliza kuhusu 4K, yaani video yenye pikseli karibu mara nne ya 1080p, kwenye DSLR, huwa namtajia 5D Mark IV ya 2016. Inatumia sehemu ya katikati tu ya sensa kiasi kwamba lenzi ya milimita 24 inaona kama ya 42, na inakula karibu GB 3.7 kwa dakika. Kadi ya GB 32 haifikishi dakika 9. Kwa anayenunua DSLR ya kwanza kwa ajili ya shughuli, ningemwambia aiache, atafute 70D iliyotumika, na fedha itakayobaki anunue rekoda na maiki ya kubana. Akiwa na fedha chache kuliko hizo, achukue 600D na kadi halisi. Zile zisizo na tundu la maiki kabisa, kama Canon 500D na Nikon D3100, asizichukue kwa kazi hii hata akiuziwa kwa bei ya kutupa.