Bastola kwa Mwenye Mkono Mmoja: Jiulize Kwanza Utaitoaje Risasi

Kulenga shabaha kwa mkono mmoja si jambo geni. Katika mashindano ya bastola ya Olimpiki kila mshindani hushika silaha kwa mkono mmoja tu, na kanuni haziruhusu mkono wa pili kuitegemeza. Károly Takács, askari wa Hungaria, aliharibiwa mkono wa kulia na guruneti mwaka 1938, mkono uleule aliokuwa akilengea. Akajifundisha kwa mkono wa kushoto, akatwaa dhahabu ya bastola ya kasi ya mita 25 mjini London mwaka 1948, kisha akaitwaa tena Helsinki mwaka 1952.

Kufyatua, basi, si tatizo kubwa. Ugumu uko katika kujaza magazini (kisanduku cha risasi), kukoki, yaani kuvuta slaidi, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, kutoa risasi iliyogoma na kuthibitisha kwamba chemba, tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, ni tupu. Kazi hizo zote zilibuniwa kwa kudhani mtu ana mikono miwili. Ndiyo maana tunamshauri mwenye mkono mmoja aichague bastola kwa kuangalia jinsi atakavyoitoa risasi, na namna inavyopiga aiangalie baadaye. Bastola usiyoweza kuiacha tupu wewe mwenyewe, bila kumwita mtu, hata ukiwa umechoka na kiganja kimelowa jasho, usiinunue.

Kabla ya kufika dukani

Nchini Tanzania umiliki wa silaha unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kenya inatumia Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na waombaji hupitia bodi ya leseni za silaha. Kibali hutaja aina ya silaha, kwa hiyo uchaguzi mbaya ni vigumu kuurekebisha baadaye. Omba kwanza kujaribu aina kadhaa katika uwanja wa shabaha unaotambuliwa, chini ya mkufunzi.

Chanzo cha ulemavu nacho kina uzito wake. Aliyekatwa mkono na aliyeumia mishipa ya fahamu ya bega katika ajali ya bodaboda mara nyingi wana macho na akili timamu kama zamani. Aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi huenda amepoteza sehemu ya upeo wa macho bila kujua, au hutambua vibaya vitu vilivyo upande ulioathirika. Huyo apimwe macho na daktari kabla ya kugusa silaha.

Lipo jingine ambalo halipaswi kunyamaziwa. Miezi ya kwanza baada ya kupoteza mkono huwa ya majonzi mazito kwa wengi, na silaha ndani ya nyumba huongeza hatari ya mtu kujiua. Ukiona uzito huo kwako au kwa ndugu yako, silaha ikabidhiwe polisi kwa hifadhi, na ombi jipya lisubiri.

Rivolva au ya magazini?

Wengi husikia kwamba rivolva, bastola yenye silinda inayozunguka, ndiyo jibu, kwa kuwa haina slaidi ya kukoki. Ni kweli kwa kiasi. Risasi ikigoma, unavuta kifyatulio tena na silinda inaleta nyingine. Kuikagua pia ni rahisi: fungua silinda, hesabu matundu. Lakini kifyatulio cha rivolva inayopigwa bila kuvuta nyundo kwanza hudai nguvu ya kama kilo 4.5 hadi 5.5, na kwa mkono mmoja uzito huo huivuta shabaha pembeni. Ukiivuta nyundo kwa kidole gumba, nguvu hushuka kwenye kilo 2 hivi, ila kumbuka kwamba kuishusha nyundo polepole kwa kidole hichohicho, bila mkono wa pili, ni mojawapo ya mambo yanayosababisha risasi kutoka bila kukusudiwa. Ukiivuta nyundo kisha ukabadili nia, elekeza mdomo wa bastola kwenye kinga ya risasi, yaani tuta au ukuta unaozizuia, na ufyatue hapo.

Kujaza rivolva pia hutegemea ni mkono gani umebaki. Silinda ya rivolva nyingi hufunguka kushoto, na kitasa chake kimewekewa gumba la mkono wa kulia. Mwenye mkono wa kulia anabonyeza kwa gumba na kuisukuma silinda nje kwa kidole cha shahada. Mwenye mkono wa kushoto hubonyeza kwa shahada na silinda humwangukia kiganjani, jambo ambalo hufanyika vizuri baada ya mazoezi. Maganda hutolewa kwa kuelekeza mdomo juu na kusukuma kijiti cha kutolea maganda kirudi nyuma. Mdomo ukielekea chini, ganda moja huteleza na kunasa chini ya nyota ya kutolea, na silinda haifungi.

Kwa bastola ya magazini, kagua mambo haya ukiwa umeishika. Je, slaidi ni laini? Zipo zilizoundwa makusudi kwa wenye mikono dhaifu, kama Smith & Wesson M&P 380 Shield EZ iliyotoka mwaka 2018. Usidanganywe na udogo: bastola ndogo ya risasi fupi mara nyingi ina springi ngumu kuliko kubwa ya milimita 9. Je, slaidi hubaki nyuma yenyewe magazini ikiisha? Ikibaki, kujaza upya hakuhitaji kukoki, unabonyeza tu kitufe. Je, kitufe cha kuachia magazini kinafikiwa na mkono ulio nao, au kinaweza kuhamishiwa upande wa pili? Na kilengeo cha nyuma, uso wake wa mbele umesimama wima au umelala kama mteremko? Kilicholala hakitanasa ukingoni wakati wa kukoki, nawe utahitaji kinase, yaani kipande cha kuongezea kwenye slaidi ili inase.

Zipo pia Beretta ndogo zinazoinua mtutu, kama 21A. Unabonyeza wenzo mdogo, mtutu unainuka, unatia risasi ya kwanza moja kwa moja bila kukoki. Kwa mwenye mkono mmoja hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba haina ndoano ya kuvutia ganda. Risasi ikigoma, kuvuta slaidi hakuitoi. Lazima uinue mtutu na kuichokoa.

Kwa anayetaka mchezo tu, sisi tungemwanzisha na bastola ya hewa ya milimita 4.5, ile yenye chupa ya hewa iliyoshindiliwa, ambayo wenzo wake husukumwa kwa nguvu kidogo sana. Ile ya kupampu kwa mkono iepuke. Katika michezo ya Paralimpiki, ambako ulengaji shabaha umo tangu Toronto mwaka 1976, bastola ya hewa hupigwa umbali wa mita 10, na duara la alama 10 lina upana wa milimita 11.5. Usidhani haihitaji kibali. Uliza polisi kwanza.

Kukoki na kutoa risasi

Mbinu ya kunasa kilengeo kwenye mkanda wa suruali imeenea, nasi hatuifundishi kwa wanaoanza, kwa sababu mdomo huelekea kwenye paja au mguu. Anza mezani. Bana kipande cha mbao ngumu kwenye meza ya uwanja kwa jiriwa, ukingo wake mmoja ukiwa wima. Kidole kikiwa kimenyooka nje ya kifyatulio na mdomo ukielekea kwenye kinga ya risasi, laza bastola kwa ubavu ili tundu la kutolea maganda litazame juu. Nasisha uso wa mbele wa kilengeo nyuma ya ukingo, kisha sukuma mpini mbele kwa nguvu hadi mwisho. Inua mara moja, springi irudishe slaidi yenyewe. Ukiiachia taratibu, haitafunga sawasawa na bastola haitalia. Shati likiingia kwenye tundu, slaidi itakwama nusu, kwa hiyo chomekea kabla ya kuanza. Haya yote yafanye kwanza kwa risasi bandia za mazoezi, na risasi halisi ziwe chumba kingine.

Kutoa risasi kuna hila moja inayorahisisha mno. Toa magazini yenye risasi, weka mbali. Chomeka magazini tupu uliyoipaka rangi inayoonekana wazi, kisha koki kwenye ule ukingo. Risasi iliyokuwa chembani inaruka nje, na magazini tupu inaizuia slaidi ibaki nyuma. Laza bastola mezani, toa hiyo magazini, tazama chembani, kisha pitisha kidole kidogo uhisi kama kuna kitu. Ukianza kukoki kabla ya kutoa magazini yenye risasi, unaitoa moja na kuingiza nyingine, na silaha unayodhani ni tupu imejaa.

Unapochomeka magazini, bastola ikae kwenye kishikizo cha mezani au ndani ya ala ngumu. Kuibana kati ya magoti kunafaa tu ukiwa umeketi, mdomo ukitokeza mbele ya magoti yote mawili.

Kusimama na kufyatua

Mkono mzima ni kama asilimia 5 ya uzito wa mwili, kwa hiyo mtu wa kilo 70 aliyekatwa begani amepungukiwa na kilo 3.5 upande mmoja, na mwili huegemea upande wa pili bila yeye kuhisi. Tanguliza mguu wa upande wa bastola, panua miguu kwa upana wa mabega, na mwambie mtu akupige picha kwa nyuma. Aliyebaki na mkono wa kushoto huku jicho lake lenye nguvu ni la kulia, ageuze kichwa kidogo au abandike utepe wa ukungu kwenye lenzi ya kulia ya miwani ili alenge kwa jicho la kushoto.

Shika mpini juu kabisa, kifundo kikaze. Kikilegea, slaidi haifiki mwisho na ganda husimama mlangoni kama bomba la moshi. Hapo toa magazini, koki, kagua. Risasi ikigoma, usihangaike nayo: shikilia mdomo kwenye kinga kwa sekunde 30, kisha itoe. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, acha kabisa, kwani huenda kichwa cha risasi kimebaki ndani ya mtutu, na risasi inayofuata itaupasua.

Mkono bandia unaweza kubeba magazini au kufungua sanduku. Usiukabidhi bastola iliyojaa. Mikono bandia inayoendeshwa kwa umeme wa misuli hufunguka au kufumba yenyewe msuli unapochoka au ngozi inapotoka jasho.

Baada ya mazoezi

Jiriwa yenye midomo ya mpira itakushikia mtutu wakati wa kusafisha. Mkono nao unabaki na vumbi la risasi, ambalo lina madini ya risasi yenye sumu, na mkono mmoja hauwezi kujisugua. Nunua brashi ya kucha yenye vikombe vya kunata, ibandike kando ya sinki, usugue kiganja, kucha na mgongo wa mkono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kushika chakula au mtoto.