Kidonda kupona si kaswende kuisha

Pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, utasikia mtu akisema: "Kilikuwa kidonda tu, kimekauka chenyewe." Kauli hiyo inaniumiza kila nikiisikia, kwa sababu kidonda cha kaswende hukauka chenyewe kwa kawaida, ndani ya wiki 3 hadi 6, hata bila dawa. Hakiumi, na kwa mwanamke kinaweza kujificha ndani asikione kabisa. Bakteria wanabaki. Baadaye huweza kutoka vipele, mpaka kwenye viganja na nyayo, navyo hupotea, kisha kimya cha miaka. Katika kimya hicho ugonjwa unaweza kufika moyoni au kwenye ubongo.

Kidonda hicho pia ni mlango wa VVU. Ngozi imechanika, na chembe za kinga ambazo VVU huzishambulia zimekusanyika hapo hapo. Ndiyo maana magonjwa haya mawili hukutwa mara nyingi kwa mtu mmoja.

Wengine hudhani anayetumia ARV amekingwa na kaswende. Hapana! ARV hufubaza virusi, hazigusi bakteria. Kaswende hutibiwa kwa sindano ya penisilini, na mwenza naye atibiwe, la sivyo mtaambukizana upya.

Mama mjamzito hupimwa yote mawili kliniki, kwa tone la damu, kwani kaswende isiyotibiwa huweza kuua mtoto tumboni. Baba, usimwachie mkeo peke yake kipimo hicho. Nenda naye.