Mameneja wanne, wafanyakazi saba

Mteja mwingine kanitumia picha ya chati WhatsApp. Maboksi na mishale, juu kabisa Mkurugenzi Mtendaji, chini yake mameneja wanne. Biashara nzima ina watu saba. Anauliza kama muundo umekaa sawa.

Jamani, vyeo si muundo. Vyeo kila mtu anajua kuvigawa. Kinachowashinda wenye biashara ni kusema nani anaamua nini, mpaka shilingi ngapi, bila kumpigia bosi simu.

Chukua duka la vifaa vya ujenzi. Fundi anataka mifuko hamsini ya saruji, anaomba apunguziwe mia tano kila mfuko. "Meneja Mauzo" anajikuna kichwa, anampigia bosi. Bosi yuko msibani, simu kazima. Fundi anavuka barabara, ananunua kwa jirani. Sasa huyo ni meneja wa nini? Ni muuzaji aliyechapishiwa kadi. Mpe sentensi moja tu: kuanzia mifuko 30 anaweza kupunguza hadi shilingi 500 kwa mfuko, zaidi ya hapo aulize. Ukishaiandika, iheshimu. Ukirudi jioni ukaanza kugomba kwa punguzo ulilomruhusu mwenyewe, kesho atapiga simu hata kwa kilo ya misumari.

Halafu kuna kazi ambazo mtu mmoja hatakiwi kuzishika zote. Anayeagiza mzigo asiwe ndiye anayeupokea stoo, wala ndiye anayelipa. Nikifika hapa lazima niambiwe, "Lakini yule ni mdogo wangu!" Sijasema ni mwizi. Nasema mifuko minne ikipungua hutajua imepotelea kwa msambazaji, njiani au stoo, na huyo mdogo wako hatakuwa na namna ya kujitetea. Kutenganisha kazi kunamlinda yeye kabla hakujakulinda wewe. Kama hamtoshi, keshia ahesabu mzigo pamoja na mtu wa stoo, wote wasaini karatasi ya delivari inayokuja na mzigo. Inachosha, najua.

Sheria nitaipitia haraka. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi anapoanza kazi, na maelezo ya kazi yenyewe yamo. Mkifikishana CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi Tanzania, nawe huna karatasi, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuangukia wewe mwajiri. "Tulielewana kwa mdomo" haitakufikisha mbali.

Ukiniuliza uanze kuandika haya ukiwa na watu wangapi, sina namba. Nimeona watu watatu wakivurugana, na kumi wakienda vizuri kwa sababu mama mwenye duka anashinda pale pale kaunta.

Kinachonisumbua zaidi ni ule mstari wa mwisho wa kila mkataba: "na kazi nyingine atakazopangiwa." Ndio unaomfanya mhasibu aende kumchukua mtoto wa bosi shuleni. Lakini kwenye biashara ndogo ukiuondoa, siku keshia anaumwa hakuna wa kukaa kwenye droo. Kwa hiyo nauacha, ila naongeza "zinazohusiana na nafasi yake." Mara nyingi mkataba unarudi umesainiwa, na maneno hayo manne yamekatwa kwa kalamu.