Picha ya mega 3 inakulaje mega 48 za RAM?

Wadau, hapa Dar wengi tunatengeneza aplikesheni zenye picha kibao, za madalali wa nyumba, maduka ya nguo, spea za magari, na malalamiko ni yale yale, mteja anaskroli kidogo tu aplikesheni inajifunga. Tunaanza kulaumu simu. Mi naomba tuangalie kwanza picha yenyewe inafunguliwaje.

Saizi ya faili na saizi ya picha ikiwa kwenye RAM, yaani memori ya kazi ya simu, ni vitu viwili tofauti kabisa. JPEG imebanwa, ila ili ionekane kwenye skrini lazima ifumuliwe iwe pikseli tupu, vile vidoti vya rangi vinavyounda picha, na kwa kawaida Android inatumia baiti 4 kwa kila pikseli. Kwa hiyo picha ya 4000 kwa 3000, ambayo ni pikseli milioni 12, inakula kama mega 48 hata kama faili ni mega 3. Dalali akiweka picha sita za nyumba ya Mbezi, sebule, jiko, vyumba, ua, hapo unakaribia mega 300 kwa tangazo moja tu! Na ukiibana zaidi hiyo JPEG bila kupunguza vipimo vyake unamwokolea mteja bando, ni jambo jema sana, lakini RAM haipungui hata kidogo maana pikseli ni zile zile.

Dawa ni kutofumua pikseli ambazo skrini haitazionyesha. Kwenye BitmapFactory, kifaa cha Android cha kufumua picha, anza na inJustDecodeBounds, inasoma vipimo tu, halafu piga hesabu ya inSampleSize, yaani kila upande ugawanywe kwa ngapi, kulingana na nafasi uliyonayo. Ukiweka 4 inabaki 1000 kwa 750, yaani mega 3, mara 16 chini. Kwa wanaotengeneza aplikesheni kwa Flutter kuna cacheWidth, unataja upana wa kufumulia picha. Glide na Coil, maktaba za kupakia picha kwenye Android, zinakufanyia hiyo kazi zenyewe, ila ipe ImageView (kiboksi kinachobeba picha kwenye skrini) vipimo vinavyoeleweka, usiiachie wrap_content, yaani ijipime kwa picha yenyewe, Glide itachukua saizi ya skrini nzima.

Kuna RGB_565 pia, namna ya kuhifadhi rangi kwa baiti 2 kwa pikseli, ila mi siipendi kwa picha za nje, anga linatoka na mistari mistari.

Halafu kuna wanaosema tangu Android 8.0 ya 2017 tatizo limeisha kwa sababu pikseli zimehamia nje ya hipu ya Java, ile sehemu ya memori yenye kikomo kwa kila aplikesheni. Jamani, RAM ya simu ni ile ile! Badala ya kuona OutOfMemoryError (kosa la memori kuisha), unaweza kukuta mfumo umeiua aplikesheni yako kimya kimya, na hiyo kuitafuta chanzo ni kazi kweli kweli. Jaribuni kwenye simu ya RAM 2GB, sio ya kwako ya 8GB.

Wa viwanja vya Kigamboni ndo wana mtihani tofauti, mteja anataka kuzoom ramani ya upimaji iliyoskaniwa mpaka asome namba ya kiwanja, sasa hapo ukipunguza pikseli namba haisomeki. Tumia BitmapRegionDecoder, inafumua kile kipande anachokiangalia tu, akisogeza unafumua kingine, na nyuma yake weka ramani nzima iliyopunguzwa ili asione weupe wakati anasubiri.