Mnara wa Smeaton Haukuchoka, Ni Mwamba Uliochoka

Nimeulizwa tena, safari hii na mhandisi mwenzangu, kwa nini mnara wa taa ambao mhandisi Mwingereza John Smeaton aliujenga kwenye miamba ya baharini ya Eddystone "ulishindwa" hata ukaondolewa. Haukushindwa. Kazi yangu ni kukagua misingi iliyojengwa baharini, na kosa hili hunikera kwa sababu humfundisha mtu kutafuta ugonjwa mahali usipokuwapo.

Yaliyotangulia niyapitie upesi. Mnara wa kwanza juu ya miamba hiyo, kusini mwa Plymouth, Uingereza, ulikuwa wa Henry Winstanley, uliowashwa mwaka 1698. Tufani ya Novemba 1703 iliuzoa pamoja na yeye mwenyewe, kwa kuwa usiku ule alikuwa ndani. Uliofuata, wa John Rudyerd, ulikuwa wa mbao kwa sehemu kubwa, nao uliteketea mwaka 1755. Mishumaa juu ya mbao: sioni la kuongeza.

Smeaton alijenga kwa mawe, akawasha mishumaa yake 24 mwezi Oktoba 1759. Kila jiwe lilichongwa liumane na jirani yake kama viungo vya seremala, na katikati ikawekwa chokaa inayoganda hata majini, iliyochanganywa na majivu ya volkano kutoka Italia. (Hapana, hakuvumbua saruji ya Portland, ile ya kawaida ya ujenzi wa leo; hataza yake, yaani haki ya uvumbuzi, ni ya Joseph Aspdin, mwaka 1824.) Vitabu husifu sana viungo hivyo. Mimi nina shaka: nadhani kazi yao kubwa ilikuwa kuzuia jiwe lisichukuliwe na mawimbi kabla chokaa haijakaza, na baada ya hapo uzito wenyewe ndio uliobeba sehemu kubwa ya mzigo.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Baada ya zaidi ya karne moja, ilionekana kwamba mawimbi yalikuwa yameula mwamba chini ya msingi, hivyo mnara ulitikisika kila wimbi kubwa lilipoupiga. Mnara mzima, umesimama juu ya jino bovu! Mhandisi James Douglass akajenga mwingine kwenye mwamba wa jirani, ukawashwa mwaka 1882, na sehemu ya juu ya ule wa Smeaton ikafunguliwa jiwe baada ya jiwe, ikasimamishwa upya Plymouth, ambako ipo hadi leo. Kisiki chake, yaani sehemu ya chini iliyobaki, nacho kingali pale baharini. Mtu atakuja kuniambia kwamba, ikiwa kisiki kimesimama, basi hata mwamba haukuwa na neno. Swali hilo ni la haki, nami limewahi kunisumbua, ila tukumbuke kwamba ukipunguza kimo cha mnara unapunguza pia nguvu inayoupindua, kwa hiyo kisiki hakiwezi kutoa ushahidi kwa niaba ya mnara mzima.

Kuhusu mti wa mwaloni, ambao Smeaton mwenyewe aliutaja kuwa mfano wa umbo la mnara wake, naomba tusizidishe. Mti hushikwa na mizizi na hupinda. Mawe hayana hili wala lile. Alichopata kwenye shina ni upana wa chini, na hata mchepuo ule wa ukuta, mpana chini na mwembamba juu, ulikuwa na gharama yake, kwani mawimbi yaliupanda kama ngazi kuelekea kwenye taa. Ndiyo maana Douglass aliupa mnara wake kitako cha mduara chenye kuta zilizosimama wima, ili wimbi livunjike pale chini kabla halijaufikia mnara wenyewe.